Gurudumu la Nje Lina Safari Ndefu

Nchi inayonunua kila kitu kikiwa kimekwisha kuundwa hupoteza zaidi ya fedha za kigeni. Hupoteza pia mazoea ya kuuliza: kitu hiki kinafanyaje kazi? Swali hilo lilinikaa kichwani Juni iliyopita huko Bujora, nyumbani kwa wazazi wangu, kilomita kama 20 kutoka Mwanza mjini, nilipokuwa nikisaidiana na mwanangu kuunda gari dogo linaloongozwa kwa mawimbi ya redio.

Gari lenyewe lilikuja likiwa vipande ndani ya kisanduku: skrubu, gia, beringi, kopo dogo la grisi, mota, na kitabu chenye michoro mingi na maneno machache. Magari ya namna hii yana historia. Kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilitoa gari lake la kwanza la redio mwaka 1976, nayo mashua ya Nikola Tesla iliyoongozwa bila waya ilionyeshwa New York mwaka 1898. Kanuni haijabadilika. Kitumaji kilicho mkononi hugeuza mwendo wa vidole kuwa mawimbi. Kipokezi kilicho garini huyapokea na kuyagawa: amri moja huenda kwenye mota ndogo ya usukani, nyingine kwenye kifaa kinachopima umeme wa kupeleka kwenye mota kubwa.

Tulifanya kazi barazani kila jioni, na watoto wa jirani wakatuzunguka. Wao wana magari yao ya waya, yenye magurudumu ya kandambili zilizochakaa na fimbo ndefu ya usukani inayomwezesha dereva kuendesha huku akitembea nyuma. Tulipofika kwenye difu, mwanangu, anayesoma shule nzuri ya mjini, aliuliza kwa nini magurudumu ya nyuma yasifungwe tu kwenye mhimili mmoja. Kabla sijafungua kinywa, kijana mmoja wa miaka kumi na mitano alijibu:

“Mwalimu, kwenye kona gurudumu la nje lina safari ndefu. Ukiyakaza yote mawili, moja litaburuzika.”

Kisha akaleta gari lake la waya. Gurudumu moja la nyuma alikuwa amelikaza kwenye mhimili. Jingine ameliacha lijizungukie. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa ameliona tatizo ambalo difu iliundwa ili kulitatua, akalitafutia jawabu kwa kipande cha waya.

Kijana huyo hayuko shuleni. Matokeo yake ya darasa la saba hayakumpeleka sekondari, na sasa hushinda Kisesa akimsaidia fundi baiskeli. Mtihani ulimpima kwa alichoweza kukikumbuka na kukiandika. Haukuwa na swali hata moja ambalo mikono yake ingeweza kulijibu.

Ajabu ni kwamba haya yanatokea Bujora. Katika Makumbusho ya Kisukuma, yaliyoanzishwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, imo nyumba ya mhunzi pamoja na zana zake. Imo pia silinda ya kuzungusha inayoonyesha mifumo mbalimbali ambayo Wasukuma waliitumia kuhesabu moja hadi kumi. Wazee wetu walikuwa na njia zaidi ya moja ya kuhesabu. Sisi tumebaki na moja ya kuwahesabu watoto.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, akionya dhidi ya shule inayomtenga mtoto na kazi za jamii yake. Leo Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeweka mkondo wa amali katika sekondari. Naiunga mkono. Lakini mkondo wa amali usio na karakana ni darasa la nadharia lililobadilishiwa jina. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Makerere kilionyesha Kiira EV, gari la umeme la viti viwili. Gari kama hilo haliundwi na watu walioanza kushika bisibisi wakiwa chuo kikuu.

Sipendekezi kila shule ya Wilaya ya Magu inunuliwe visanduku kutoka ng'ambo. Ni ghali mno. Koleo, waya, betri na mota za redio mbovu zinatosha kuanzia. Kinachohitajika zaidi ni walimu na wathibiti ubora watakaokubali kwamba mtoto aliyeunda kitu na kueleza kinavyofanya kazi amefaulu jambo linalostahili alama. Na unahitajika mlango wa kuingilia kwa waliokwisha kuachwa nje. Kijana wa Kisesa hawezi kusubiri toleo jingine la sera. Kila mwaka unaopita humfanya azidi kuamini kwamba yeye si wa shule.

Ndugu zangu mlio katika ofisi za elimu za kata na wilaya, nawaomba mwanzie hapo: katika kata yenu, nani anawafahamu watoto wa namna hii, na wakishatajwa, wanapelekwa wapi?