Usikimbilie Kufomati

Mwaka 2004, ukimpelekea fundi wa mtaani kompyuta hapa Nairobi, dawa ilikuwa moja: fomati. Inazima ovyo? Fomati. Programu haifunguki? Fomati, weka upya, lipa, nenda. Na fundi hakuwa mjinga. Kufomati ni kazi ya saa chache, mteja anaondoka akitabasamu. Kutafuta kiini cha tatizo kunaweza kula wiki nzima, na hiyo wiki nani atailipa?

Shida ni kwamba ndani ya mashine yetu mlikuwa na hesabu za chama. Mama alikuwa mweka hazina wa akina mama kumi na wanane pale Umoja, na michango ya mwaka mzima ilikuwa kwenye faili moja. Tayari minong'ono ilikuwa imeanza kwamba kuna elfu sita hazionekani. Mkutano ulikuwa Jumapili.

"Si wewe ndiye umemaliza shule na huna kazi?" Mama akaniambia. "Hiyo kitu usiifute. Nikienda huko mikono mitupu, watasema nimekula."

Kompyuta ilikuwa ya mtumba, ikiendesha Red Hat Linux 9, ile iliyotoka mwaka 2003. Fundi alikuwa amekuja kuiongezea RAM na kuweka toleo jipya la programu ya hesabu. Alipoondoka, akaacha magonjwa mawili.

La kwanza, programu ya hesabu ilikataa kufunguka. Kila nikijaribu, sentensi ni ile ile: maktaba fulani haipatikani. Kwenye Linux, programu haibebi kila kitu chake. Huazima kazi kutoka kwa maktaba ambazo programu nyingine pia zinatumia, kama wapangaji wa ploti moja wanaochota maji kwa bomba moja. Fundi alikuwa ameweka kifurushi kipya kwa amri ya rpm akaongeza --nodeps, yaani usiulize kama mahitaji yapo, weka tu. Rpm ikanyamaza, ikatii.

Amri ya ldd ikanionyesha maktaba zilizokosekana. Nikaenda saiba, nikapakua moja, nikaibeba kwa flopi ya 1.44MB. Nyumbani, nayo ikadai nyingine mbili. Rpm ilikuambia unachokosa, lakini haikwenda kukutafutia. Watu wa Debian walikuwa na apt ya kazi hiyo tangu 1999, lakini apt bila intaneti nyumbani ni matatu bila mafuta. Pesa ya saiba ilipokaribia kuisha nikabadilisha njia. Nikaling'oa toleo jipya kwa rpm -e, nikarudisha la zamani kutoka kwenye CD za Red Hat, ambazo vifurushi vyake vilikuwa vinaelewana. Programu ikafunguka.

Ikazima baada ya dakika nne.

Huu ndio ulikuwa ugonjwa wa pili, na ulikuwa na tabia tofauti. Mara inaangusha programu ya hesabu, mara kivinjari, mara mashine yote inaganda. Programu zilikuwa zikifa kwa ishara namba 11, inayotumwa programu ikigusa kumbukumbu isiyo yake. Kasoro ya programu kwa kawaida huanguka pale pale ukirudia kitendo kile kile. Inayobadilisha hadithi kila siku, shuku chuma.

Nikawasha memtest86 kutoka kwenye flopi, nikalala. Asubuhi skrini ilikuwa imejaa makosa. Nikatoa kijiti kimoja cha RAM, nikapima, nikakirudisha, nikatoa kingine. Kibovu kilikuwa kile kipya. Tukabaki na 128MB. Mashine ilitambaa kama mkokoteni, lakini ilisimama. Jumamosi usiku nikachapisha kurasa kumi na moja.

Jumapili, kabla Mama hajafungua bahasha, mmoja wao alikuwa ameshasema: "Si tuvunje hii chama tuanze upya? Mambo ya zamani tuyaache."

Wengine wakaitikia. Ilionekana rahisi, na hakuna ambaye angeaibika, isipokuwa Mama, ambaye angebeba jina la mwizi mtaa mzima bila mtu kumwambia usoni.

"Hapana," Mama akasema. "Tutasoma mstari kwa mstari."

Wakasoma Januari. Wakasoma Februari. Chai ikapoa. Walipofika Agosti, mstari wa tano, palikuwa na mkopo wa elfu sita ambao haukuwa umerudishwa, pamoja na jina la aliyeuchukua. Alikuwa ameketi pale pale, na ndiye aliyekuwa ametaka chama kivunjwe.

"Ni kweli," akasema polepole. "Mtoto alikuwa amelazwa."

Mama hakumjibu. Alifungua ukurasa wa Septemba, akaendelea kusoma.