Fuso lilipita kichwani mwangu nikiwa nimekaa kitini

Leo naomba tuwaweke kando wapenzi wanaoachana kwa meseji, nitarudi kwao maana hawaishi. Leo nina hoja ya masikio.

Hebu fumba macho hapo hapo ulipo. Kuna pikipiki inapita huko nje, si ndiyo? Inatokea upande gani, inaelekea wapi? Umeshajua, tena hata shingo hujainua. Haya, umejuaje? Usiniambie "nimesikia", maana hata mdogo wangu anasikia na bado hajui.

Huyo mdogo wangu ndiye chanzo cha yote haya. Ana miaka 20 na sikio lake la kushoto halisikii kitu. Lilianza kutoa usaha akiwa mdogo, likakauka, likarudia, mwisho likafa kimya kimya. La kulia ni zima kabisa. Mnong'oneze habari za pesa chumba cha pili uone kama hajaitika. Mwaka huu kijana kapata tajiri wa kumpa pikipiki ya mkataba, apige bodaboda hapa Nachingwea na safari za Ruangwa zikitokea. Mama akakataa. Si ule ukatavu wa kubembelezwa, ni ule wa kukaza kitenge kiunoni kabisa. "Malori yatakuua," akasema, "wala hutajua limetokea wapi." Dogo naye akaapa kwamba anasikia vizuri tu na Mama anamwonea. Basi wakanigeukia mimi, eti kwa kuwa nimemaliza kidato cha nne na naandika gazetini, nitoe hukumu. Jamani! Cheti changu cha fizikia nimekificha chini ya godoro.

Hapo ndipo nikamkumbuka fundi mmoja wa Ruangwa niliyesoma naye. Ana chumba amekizungushia magodoro ukutani, anarekodi singeli, kwaya na matangazo ya maduka. Nikampigia nikamwambia, nataka lori limpite dogo masikioni bila kumgonga. Akacheka weee, halafu akasema, "Njoo naye, hiyo kitu ipo."

Na kweli ipo. Fundi anatumia Reaper, programu ya kurekodia ambayo wanakupa siku 60 uijaribu kabla ya kulipia. Ndani yake ameingiza vijiprogramu vingine vinavyoitwa IEM Plug-in Suite, ambavyo ni vya bure moja kwa moja, vimetengenezwa na taasisi ya muziki wa elektroniki ya mji wa Graz, huko Austria. Tulitoka na maiki moja tukarekodi Fuso lililoegeshwa, injini inanguruma pale pale lilipo. Nikauliza, mbona tusirekodi linalokimbia? Akanijibu kwamba kukimbia ni kazi ya kompyuta, yeye anataka ngurumo tu, kama fundi cherehani anavyotaka kitambaa kabla hakijakatwa.

Akanivalisha hedifoni. Kwenye skrini kulikuwa na kimraba, ndicho chumba cha kufikirika, katikati mimi msikilizaji, na pembeni kidoa kimoja kidogo ambacho ndicho Fuso. Akakishika kidoa kwa mausi, akakivuta. Mpenzi msomaji, nilikunja miguu! Fuso lilitokea nyuma kushoto, likanipita, likatokomea kulia, na mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki. Fundi akafurahi kama mchawi aliyenasa mtu.

Sasa siri yake ni nini? Sauti ikitokea kushoto, sikio la kushoto linaipata kwanza. Tofauti ni ndogo mno, kwa kichwa cha mtu mzima haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, lakini ubongo unaishika. Tena kichwa chenyewe kinaweka kivuli, kama mwembe unavyozuia jua, hivyo sikio la ng'ambo linapata sauti iliyofifia. Mwingereza Lord Rayleigh aliyaeleza haya mwaka 1907. Halafu kuna hizi pindo za sikio unazoning'inizia hereni, nazo zinaipinda sauti tofauti ikitoka mbele, juu au nyuma. Mwaka 1994 mabwana wawili wa chuo cha MIT, Marekani, Bill Gardner na Keith Martin, walichukua sanamu la kichwa na kiwiliwili, wakaliwekea maiki masikioni, wakalipigia sauti kutoka sehemu 710 na kupima kila moja inavyofika. Vipimo vya namna hiyo ndivyo vinavyofichwa ndani ya programu hizi. Yaani pale Ruangwa nilikuwa nimeazimwa masikio ya sanamu. Ndiyo maana kuna wakati fundi alisema Fuso liko mbele yangu, mimi nikalisikia kisogoni. Sanamu na mimi hatufanani masikio, kila mtu na urithi wake.

Hayo ni ya kujua upande. Ya kujua kitu kinakuja au kinaondoka ni mengine, na hapa mwalimu ni John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford, ambaye mwaka 1971 alichapisha jinsi ya kuifanya kompyuta isogeze sauti kwa spika nne. (Ndiye huyo huyo aliyegundua njia ya kutengeneza sauti ambayo Yamaha waliinunua haki yake na kuiweka kwenye kinanda cha DX7 mwaka 1983, kwa hiyo wapiga vinanda wote mnamdai shikamoo.) Chowning alijua kupandisha na kushusha sauti peke yake hakutoshi, maana hiyo ni kama mtu anazungusha kitufe cha redio. Kitu kikiwa mbali, unasikia zaidi mwangwi wake kuliko chenyewe, kikikaribia unakisikia chenyewe kuliko mwangwi. Tena kinachokuja mlio wake unapanda, kinachokwenda mlio unashuka.

Hili la mlio Babu yangu analijua kuliko Stanford. Yeye ni mtoto wa enzi za reli. Vijana wengi wa leo hapa hawaamini kwamba Nachingwea ilikuwa na treni. Waingereza walipoanzisha mradi wao wa karanga mwaka 1947 walijenga reli kutoka Mtwara hadi huku. Mradi ukafa mwaka 1951, karanga hazikuonekana, treni ikabaki inasuasua mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa na kung'olewa. Babu anasema ikija filimbi yake ilikuwa nyembamba kama ya mwanamke anayeita kuku, ikishakupita inalegea, "inakuwa ya mwanaume aliyechoka." Mwaustria Christian Doppler aliliandika jambo hilo mwaka 1842, na mwaka 1845 huko Uholanzi wakalipima kwa kupandisha wapiga tarumbeta kwenye treni, wenye masikio ya muziki wakasimama kando ya reli wasikilize. Tarumbeta! Ningelipa kiingilio.

Kwa kasi ya kilometa 60 kwa saa, mlio wa gari linalokujia unapanda kama asilimia 5, na likishakupita unashuka kama asilimia 5 chini ya ule wake halisi. Kidogo, lakini hata asiyejua kuimba anausikia ukiteremka.

Haya, zamu ya dogo. Tukamvalisha hedifoni, akafumba macho. Fundi akalipitisha Fuso mara ya kwanza. "Linakuja," dogo akasema. "Linakuja. Limepita." Tena aliisema "limepita" palepale kidoa kilipovuka kichwa, wala hakuchelewa. Mara ya pili, ya tatu, hivyo hivyo. Akanitazama kwa dharau ya mdogo mtu. Nikamuuliza, limetokea upande gani? Akanyamaza. Akasema kulia. Lilikuwa kushoto. Akasema kulia tena. Kushoto. Kwake yeye dunia nzima ya hedifoni ilikuwa kulia.

Ndipo nikaelewa kitu ambacho maneno ya Mama na ya dogo yote mawili yalikuwa yanakizunguka. Ujanja wa kompyuta una mafungu mawili. La upande linahitaji masikio mawili, ukikosa moja karibu lote limekwenda. La kuja na kuondoka, yaani ukubwa wa sauti, mwangwi na ule mlio wa treni ya Babu, linafanya kazi hata kwa sikio moja. Kwa hiyo dogo hakuwa anadanganya, na Mama hakuwa anamwonea.

Ila msifurahi bado. Niliziba sikio langu la kushoto kwa kidole nikasikiliza mwenyewe. Kweli, kile kinachokwambia kwa uhakika kabisa kwamba lori limepita ni mlio kushuka. Sasa mlio unashuka likiwa limeshafika ulipo! Hata marehemu angeusikia. Kabla ya hapo ulichonacho ni ngurumo inayokua tu, na ngurumo haikwambii ukimbilie wapi.

Dogo alivua hedifoni akasema jambo ambalo mimi na fundi hatukuwa tumelifikiria. "Dada, huku ndani hakuna cha kutafuta. Nikigeuza kichwa, na lenyewe linageuka." Kumbe barabarani huwa anageuza kichwa kidogo, huku na huku, kama kuku, anasikiliza sauti inakua wapi na kufifia wapi, ndivyo anavyojua upande. Miaka yote nimeishi naye nilidhani ni mbwembwe zake tu. Hedifoni za kawaida hazijui kichwa kimegeuka, zinabeba dunia zote zigeuke nawe. Ziko zinazojua, simu na hedifoni za Apple zinafanya hivyo tangu mwaka 2020, lakini bei yake ni ya mtu mwenye mikorosho mingi.

Tuliporudi Nachingwea nikamweleza Mama. Alisikiliza, akasema hilo la kuja na kuondoka halihitaji Marekani. Wao walisikiliza michezo ya Redio Tanzania kwenye redio yenye spika moja, gari likaondoka kijiji kizima kikajua limeondoka. Alikuwa shabiki wa Twende na Wakati, mchezo ulioanza mwaka 1993, yule dereva wa malori Mkwaju alimkasirisha utadhani ni shemeji yake. "Lakini Mkwaju," akasema, "hakuwa anapita mgongoni kwangu."

Basi nikaona tusibishane. Jioni tukasimama mbali kidogo na barabara, migongo tumeipa barabara, dogo anataja upande kila chombo kinapokuja. Akiachiwa ageuze kichwa, alipatia karibu vyote. Nikamshika kichwa kisigeuke, ikawa anabahatisha. Mama akaomba pamba. Nilidhani ni ya jeraha. Akaibana kwenye sikio la kushoto, akalifunika kwa kiganja juu yake, akatugeuzia mgongo. Ikaja bodaboda kutoka kushoto, akawa ametega upande wa kulia kabisa, na ilipompita aliruka akashika mkono wa dogo. Hakusema kitu kwa muda. Halafu akamuuliza, "Siku zote uko hivi?" Dogo akasema, "Siku zote, Mama." Nadhani ndiyo mara ya kwanza wameliongea jambo hilo bila kelele.

Usidhani nyumba ililainika. Dogo akaona pengo akajipenyeza, akasema juu ya pikipiki kila mtu ni kiziwi, helmeti na upepo vinameza sauti zote, hata wenye masikio manne, dereva mzuri anaendesha kwa vioo. Hapo ana hoja, mtu yeyote aliyewahi kupanda bodaboda inayokimbia anajua. Mama akamjibu kwamba kwenye pikipiki huwezi kugeuza kichwa kama kuku ukafika salama. Na yeye ana hoja. Mimi hakimu nikaomba chai.

Hukumu akaitoa mwenyewe. Vioo vya pembeni viwe viwili, vikubwa, siyo vile vidogo vya urembo ambavyo vijana wanavigeuza wajitazame nywele. Mjini hapa ruksa. Safari za Ruangwa asiziguse msimu wote wa korosho, kuanzia minada ya Oktoba mpaka malori yatakapopungua barabarani. Dogo akalalamika kwamba msimu ndio wenye pesa, abiria wana hela za korosho, nani atamlipa Februari? Mama akasema Februari atakuwepo wa kulipwa.

Tatizo limebaki kwa tajiri. Anataka hesabu yake ya kila wiki, hana habari na minada wala mwangwi, na amesema pikipiki ataishikilia hadi mwisho wa mwezi, baada ya hapo anampa mwingine. Vioo dogo ameshanunua kwa hela yake. Viko juu ya kabati, amevifunga kwenye gazeti. Nimechungulia, siyo hili letu.