Kimbiji, zinapoishia nguzo za umeme

Safari yetu ilianza Magomeni, siku ya Jumamosi, baada ya Swala ya Alfajiri. Tulipanda mwendokasi hadi Kivukoni, tukavuka kwa pantoni, na ng'ambo ya pili tukapata daladala ya kupitia Kibada na Mwasonga kuelekea Kimbiji. Tulikuwa wazazi wawili na watoto watatu. Mzigo wetu wa thamani ulikuwa kiboksi kidogo chenye barafu, na ndani yake insulini ya Bibi ya mwezi mzima.

Kigamboni, iliyokuwa sehemu ya Temeke kabla ya kuwa wilaya yake yenyewe, huonekana karibu sana mtu akiitazama kutoka Magogoni. Lakini ukishaipita Kibada mji hupungua kidogo kidogo. Nyumba huachana, na nafasi kati yake hujazwa na minazi na mikorosho. Nguzo za umeme zilitusindikiza hadi mahali fulani, kisha zikashika njia yao nasi tukashika yetu. Kwa Ami ni mwendo wa bodaboda kutoka hapo, juu ya mchanga unaotaka dereva mwenye subira.

Baada ya salamu na shikamoo za watoto, Ami alikipokea kile kiboksi kwa mikono miwili, akaenda kuipanga dawa katika friji yake ndogo. Friji hiyo ndiyo iliyotutoa mjini. Masika iliyopita ilizimika usiku, na tangu hapo sisi wanandugu tulikuwa tumegawanyika: wengine wakitaka Bibi arudishwe Magomeni, wengine wakisema aachwe anapopumua vizuri.

Asiyemjua Ami angedhani amelikimbilia jua kwa kukosa nguzo tu. Kumbe alianza kuliwazia akiwa Tandika, katika nyumba yenye mita ukutani. Alikuwa fundi cherehani mwaka 2006, na bado alikuwa fundi mwaka 2011, miaka ambayo ukame uliyakausha mabwawa na mgawo wa umeme ukaingia kila mtaa. Nguo za Idi zilibaki mezani zikiwa hazijashonwa, na wenyewe wamesimama mlangoni. Ndipo alipojifunza jina la Mtera. Bwawa hilo haliruhusiwi kushuka chini ya mita 690 kutoka usawa wa bahari. Likifika hapo, mitambo husimamishwa. Na maji yanayoizungusha mitambo ya Mtera, yenye megawati 80, ndiyo yanayoteremka kwenda kuizungusha ya Kidatu yenye megawati 204. Mto ukipungua juu, hasara huhesabiwa mara mbili.

Alipohamia shambani, Ami alifunga paneli nne juu ya bati, akaziinamisha kidogo kuelekea kaskazini, kwa kuwa sisi tuko kusini ya Ikweta. Pampu ya kisima ina paneli zake na haina betri kabisa: jua likiwaka hupandisha maji, jua likizama hulala. "Tanki ndilo betri yake," alituambia, na watoto wakafurahi kulielewa jambo hilo kwa neno moja. Jikoni, Mama Mdogo hupikia gesi inayotokana na samadi ya ng'ombe wawili. Ana vazi lake la kazi hiyo na kandambili zake, na bomba la kunawia liko mbali na mahali pa udhu.

Sasa, ilikuwaje friji ikazimika? Ami hakujificha. Mawingu yalikaa siku tatu mfululizo. Paneli zilitoa sehemu ndogo tu ya kawaida yake, lakini nyumbani matumizi hayakupunguzwa. Televisheni iliwashwa, na simu za majirani ziliendelea kuletwa kuchajiwa, kwa sababu ni vigumu kumrudisha jirani mlangoni. Betri zake ni zile za maji ya asidi, ambazo zikizoea kunyonywa zaidi ya nusu huharibika mapema. Chumvi ya upepo wa bahari nayo ilikuwa imekwisha kuvila vichwa vya nyaya. Usiku wa tatu inveta ikalia, ikanyamaza. Mama Mdogo aliamka, akaihamishia dawa katika mtungi wa udongo uliosimamishwa kwenye maji, ikasalimika.

Baada ya tukio hilo, Ami ameitenga friji. Ina paneli zake mbili na betri yake, na hakuna waya mwingine unaoruhusiwa kuigusa. Taa, simu na televisheni vinagawana zilizobaki. Vichwa vya nyaya husafishwa na kupakwa grisi, na mtungi hukaa tayari kila masika.

Tulimsimulia habari za Mufindi, ambako mitambo ya maji ya Mwenga yenye megawati 4 imeongezewa mitambo ya upepo ya megawati 2.4, kwa kuwa upepo wa huko hushika kasi kiangazi, wakati mto unapopungua. Ami akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alisema hiyo ndiyo hesabu yenyewe: ukitafuta msaidizi, mtafute ambaye hachoki siku ile unayochoka wewe.

Kijana wetu mkubwa akauliza kwa nini asisubiri nguzo, maadamu bwawa la Mwalimu Nyerere huko Rufiji limejengwa kutoa megawati 2,115. Ami alijibu kwamba nguzo zikifika atazipokea kwa shukrani. Lakini Rufiji pia ni mto, na sehemu ya maji yake ni yale yale ya Ruaha yaliyokwisha kupita Mtera na Kidatu, baada ya mashamba na mifugo ya Usangu kuchukua haki yake. Ndiyo maana hata serikali imeanza kulitegemea jua, kwa mradi wa Kishapu, Shinyanga, uliokusudiwa kufikia megawati 150. "Zikija nguzo," alisema, "sitazing'oa paneli."

Bibi alikuwa kimya kwenye mkeka muda wote huo. Tulipomweleza kilichotuleta, alituuliza swali moja: "Mkinipeleka Magomeni, na mgawo ukarudi, mtanipeleka wapi tena?"

Hatukuwa na jibu. Nyumba yetu ina mita, lakini haina paneli hata moja, wala mtungi.

Tuliondoka baada ya Alasiri, tukamwacha Bibi kwake na kiboksi pia tukakiacha, kisaidie masika ijayo. Ndani ya pantoni tulianza kupanga fedha za betri ya akiba. Nawe msomaji mwenye mzee shambani, unapompigia simu kumjulia hali, muulize pia dawa yake inalala wapi, na mawingu yakikaa siku tatu itakuwaje.