Mashimo ya Mchezo na Shimo la Mangapwani

Mchezo wa Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, huwashusha wachezaji katika mashimo ya kubuniwa: kaburi la mfalme, pango la joka, mgodi ulioachwa, gereza chini ya ngome. Kijana wa Bugomora hashangazwi na mgodi. Kyerwa, wilaya yake iliyotengwa na Karagwe mwaka 2012, ni nchi ya bati. Mtu hushuka kwa hiari yake akitumaini kupanda na mali, kama mchezoni.

Gereza ni jambo jingine. Neno lenyewe ni la Kireno, na huko kwao lilikuwa kanisa. Kwetu likawa ngome, kisha kifungo. Ngome ya Yesu, Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilikuwa jela tangu 1895 hata 1958.

Lakini chumba cha Mangapwani, Unguja, hakimo katika aina hizo zote. Baada ya biashara ya watumwa baharini kupigwa marufuku mwaka 1873, chumba hicho kilichochongwa katika jiwe la matumbawe karibu na pwani kilitumika kuwaficha watu mpaka chombo cha kuwachukua kifike. Hawakuwa wafungwa, maana hawakuwa na kosa. Mchezo huweka hazina chini ya ardhi, na binadamu huifuata. Mangapwani, hazina iliyofichwa ilikuwa binadamu mwenyewe. Leo wageni hushuka humo kutazama, nao hupanda watakapo.