Jirani Yangu na Kitenzi "Kudai"

Darasani nilizoea kufundisha kwamba kudai ni kusema jambo kwa uthabiti. Sikukosea, ila nilifundisha nusu.

Hapa Robanda tembo wakitoka upande wa hifadhi usiku, asubuhi shamba huwa limelala chini. Mwaka mmoja jirani yangu, mama wa makamo, aliniomba nimwandikie barua ya kifuta jasho, yaani fedha ambayo serikali humpa mtu aliyeharibiwa mazao na wanyamapori. Nikaandika: "Mama huyu anadai kuwa tembo wamekula mtama wake." Nilipomsomea alinyamaza, kisha akasema, "Mwalimu, mbona umeniweka na waongo? Mimi sidai. Nimewaona."

Nilitaka kujitetea kwa sarufi. Kitenzi hiki kikibeba mtu, namdai, ananidai, hutaja deni, wala mwandishi hajitengi nalo. Kikifuatwa na "kuwa" au "kwamba", mambo hugeuka: msemaji ana hakika yake, lakini anayemnukuu amejiweka kando, hataki kuulizwa. Ndiyo sababu waandishi wa habari wanakipenda, na wana haki, maana wao hawakuwapo. Mimi je? Nyayo za tembo nilikuwa nimezikanyaga mwenyewe nikienda kwake, na bado nikaandika kama mtu aliyesikia redioni.

Niliichana ile barua. Katika ya pili niliandika "ameshuhudia", na chini yake, kabla ya sahihi yangu, nikaongeza kwamba nami nimeliona shamba.