Kidonda cha kujitakia nacho huuma

Siku ya sita baada ya upasuaji, mama mmoja mkazi wa Tabata, Dar es Salaam, alimsikia mtoto wake wa mwisho, mwenye miaka 4, akianguka mlangoni na kuangua kilio. Hakuweza kuinama. Aliegemea ukuta, akashuka taratibu hadi sakafuni, mtoto akaja kulilia begani kwake.

Kazi ikawa kunyanyuka. Walikaa pale chini karibu saa nzima, hadi baba mwenye nyumba aliporudi.

Majirani waliambiwa amesafiri. Hata mama yake mzazi, anayeishi Mbagala, hakujua kwamba binti yake amefanyiwa upasuaji wa kukaza tumbo. Aliona haya. Alijiambia kwamba ameshajifungua mara mbili kwa kisu, na hili nalo atalimudu kimyakimya.

Hapo ndipo alipokosea hesabu. Katika upasuaji wa kujifungua, daktari hupasua ngozi na tabaka zilizo chini yake, lakini misuli ya mbele ya tumbo kwa kawaida husogezwa kando tu ili mtoto apite. Katika kukaza tumbo, ngozi hukatwa kutoka nyonga hadi nyonga na kuinuliwa kuelekea mbavuni. Misuli iliyoachana kwa sababu ya mimba huvutwa na kushonwa pamoja, ngozi iliyozidi huondolewa, na kitovu hutobolewa nafasi mpya.

Kushonwa kwa misuli ndiko kulikomfanya ahisi amefungwa mkanda wa chuma. Kukohoa kuliuma. Kupiga chafya kuliuma. Kucheka aliacha kabisa. Alitembea ameinama kama anayetafuta shilingi iliyoanguka, akalala chali na mito chini ya magoti, akavaa vazi la kubana tumbo mchana na usiku, huku mirija miwili ikitoa majimaji pembeni.

Mumewe alishangaa. Yeye alishawahi kufanyiwa upasuaji wa ngiri kwa matundu madogo, na wiki ya pili tayari alikuwa kijiweni na wenzake.

“Mimi mbona nilipona haraka?” alimuuliza.

Hakuuliza kwa ubaya. Lakini matundu yake matatu hayakuwa sawa na mshono unaozunguka nusu ya kiuno.

Jioni ile ya sakafuni, mama huyu alikumbuka alivyouguza mshono wa uzazi. Shangazi alimkanda, wifi alifua, uji wa pilipili manga ulikuja asubuhi na supu ya samaki usiku. Kila aliyeingia alimpa pole na hongera. Maumivu yalikuwa makali, lakini yalikuwa na watu. Safari hii alikuwa na vidonge, ukuta na uongo wa safari.

Akampigia simu mama yake.

“Mungu amekupa afya, wewe unakwenda kujikata?” mama alifoka. Kisha kimya. Kisha akauliza, “Umekula?”

Kesho yake asubuhi alifika na chupa ya uji. Hakutaja tena habari ya kujikata. Alimwogesha mjukuu, akadeki, akamshika binti yake mkono kumpeleka chooni. “Kidonda hakimwulizi mtu kama alikitaka,” alisema.

Tangu siku hiyo alipumzika kweli. Alitembea kidogo kidogo ndani ya nyumba kama daktari alivyoagiza, ili damu isigande miguuni. Mirija ilitolewa, na baada ya wiki mbili aliweza kusimama karibu wima. Kuhusu kubeba vitu vizito, aliambiwa asubiri takriban wiki sita. Uvimbe huchukua miezi kuisha, na sehemu ya chini ya kitovu huweza kubaki na ganzi kwa muda mrefu.

Anayefikiria upasuaji huu ni vyema asubiri hadi amalize kuzaa, kwa kuwa mimba nyingine huweza kuilegeza tena misuli. Apange mapema nani atapika, nani atambeba mtoto, na nani ataamka naye usiku. Nao walio nyumbani wajue dalili za hatari: mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana, pumzi kukata, homa, au kidonda kutoa usaha. Hapo ni kukimbilia hospitali, si kusubiri asubuhi.

Wiki ya saba, baada ya daktari kumruhusu, alimnyanyua mtoto wake kwa mara ya kwanza.

“Mama, tumbo limepona?”

“Bado linauma kidogo,” alijibu.

Jirani aliyekuwa akianika nguo alisikia, akageuka na kuuliza kulikoni. Safari hii alimweleza ukweli.