Shamba la Rhinebeck, ambako ndege za vita huzaliwa upya

Je, umewahi kuwaza kwamba mtu anaweza kuunda ndege ya kivita nyumbani kwake, katika gereji ambamo wengi wetu huegesha gari na kurundika viti vilivyovunjika? Sisemi kidude cha kuchezewa na watoto, la hasha. Nasema ndege yenye kimo kile kile cha ile ya kwanza, inayombeba rubani na kupaa. Ukitaka kuyaona matunda ya kazi hiyo kwa macho yako, nakualika twende Rhinebeck, katika jimbo la New York, Marekani.

Ukiwa jijini New York, panda gari-moshi liendalo kaskazini kandokando ya Mto Hudson. Keti upande wa kushoto ili uutazame mto. Baada ya muda wa kama saa moja na dakika arobaini utashuka katika kituo cha Rhinecliff. Umbali wote ni karibu kana kwamba umetoka Nairobi hadi Nakuru. Kutoka hapo, teksi itakufikisha upesi katika uwanja uitwao Old Rhinebeck Aerodrome.

Usitarajie lami wala majengo ya vioo. Hapa ndege hukimbia juu ya nyasi, tena ardhi yenyewe si tambarare. Kuna mabanda ya mbao, na ukifika Jumamosi au Jumapili katika majira ya joto, utakuta familia zimeketi zikitazama ndege za miaka 100 iliyopita zikiruka.

Aliyeanzisha mahali hapa ni fundi wa ndege aliyeitwa Cole Palen. Mwaka 1951 uwanja wa Roosevelt, karibu na jiji la New York, ulipokuwa ukifungwa, Palen alitoa akiba yake yote akanunua ndege sita kuukuu za wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Bila shaka wapo waliomwona amerukwa na akili. Mwaka 1959 alinunua shamba hili, akafyeka, akatengeneza njia ya ndege. Ndege alizozikosa aliziunda mwenyewe. Alifariki mwaka 1993, lakini kazi yake haikufa.

Miongoni mwa alizoziunda ni nakala ya Fokker Dr.I, ndege ya Kijerumani yenye mabawa matatu, moja juu ya jingine. Hiyo ndiyo aina aliyokuwa akiendesha Manfred von Richthofen, maarufu kama Baroni Mwekundu, alipouawa tarehe 21 Aprili 1918 akiwa na umri wa miaka 25, baada ya kuangusha ndege 80 za adui. Ziliundwa 320 tu, na leo hakuna hata moja nzima iliyosalia. Moja ya zile alizoziendesha Richthofen ilihifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Berlin, nayo ikateketea katika Vita Vikuu vya Pili. Kwa hivyo kila Fokker ya mabawa matatu uionayo ikiruka popote duniani ni nakala, iliyotoka mikononi mwa watu kama Palen.

Kimo chake kitakushangaza. Urefu wake ni mita 5.77, zaidi kidogo tu ya matatu ya abiria 14. Bawa la juu lina mita 7.19. Mwili wake ni mabomba ya chuma yaliyochomelewa, mabawa ni mbao, na juu yake hutandazwa kitambaa kinachopakwa dawa ili kikazike kama ngozi ya ngoma. Ndege za namna hiyo si ngeni kabisa kwetu: mwaka 1916, ndege za Waingereza za mbao na kitambaa zilirushwa kutoka Mbuyuni, karibu na Taveta, zikiwasaka askari wa Kijerumani.

Injini nayo ni kioja. Silinda zake zote huzunguka pamoja na rafadha, yaani lile panga la mbele. Hulainishwa kwa mafuta ya mbarika, yale yale waliyonyweshwa watoto zamani ili kusafisha tumbo. Mafuta hayo humrukia rubani usoni, na harufu yake huwafikia watazamaji.

Sasa tuje kwenye jambo lenye uzito. Mwishoni mwa Oktoba 1917, marubani wawili wa Kijerumani waliangamia katika muda wa siku chache baada ya mabawa ya Fokker zao kuvunjika hewani. Ndege hizo zilizuiwa kuruka. Ulipofanywa uchunguzi, ilionekana kwamba kazi ya kiwandani ilikuwa mbovu na unyevu ulikuwa umepenya ndani ya mabawa, gundi ikaachia. Si risasi za adui zilizowaua vijana wale. Waliuawa na kazi iliyofanywa kwa haraka.

Ndiyo sababu anayeunda ndege nyumbani leo ana desturi moja ambayo ningependa uikumbuke. Kila anapochanganya gundi, hugundisha pia vipande viwili vidogo vya mbao na kuviweka kando. Gundi ikishakauka huvivunja. Mbao ikivunjika na gundi ikashika, kazi ni njema. Gundi ikiachia, basi kazi yote ya siku ile huvunjwa na kuanzwa upya. Hakuna anayemsimamia usiku ule ndani ya gereji. Ni yeye na dhamiri yake.

Sheria nazo zipo. Marekani, mwenye ndege hiyo sharti aonyeshe kwamba zaidi ya nusu ya kazi imefanywa na watu wasiolipwa, kwa ajili ya kujifunza au kujifurahisha. Ndege hukaguliwa, kisha kwa kawaida hurushwa saa 25 au 40 za majaribio kabla ya kubeba abiria. Hapa kwetu pia, usithubutu kurusha chochote bila kibali cha mamlaka ya usafiri wa ndege.

Nilipomsimulia kijana wangu, mwanafunzi wa sekondari, habari hizi, aliniuliza, "Baba, kuna faida gani kuunda ndege ambayo si ile ya kweli?" Sikuwa na jibu la haraka. Nilikumbuka stuli niliyoigundisha mwaka mmojawapo, nikaona uvivu kungoja ikauke. Mjomba wangu alikuja kutusalimu, akaikalia, akaanguka mbele ya watoto na chai mkononi. Alicheka, lakini hadi leo akija kwangu hukagua kiti kwanza.

Nilimjibu kijana kwamba kioo, kitabu na picha vinaweza kukuonyesha ndege ya 1917, lakini anayeiunda kwa mikono yake ndiye anayejua ni kitu gani hasa wale vijana waliaminia maisha yao. Naye ataipanda mwenyewe. Hawezi kumlaumu fundi.

Msomaji, huenda usifike Rhinebeck mwaka huu, wala usiwe na gereji. Hata hivyo, chukua vipande viwili vya mbao na gundi ya duka la karibu. Vigundishe pamoja na mwanao, mngoje hadi kesho, halafu mwambie avivunje. Tazameni pamoja ni kipi kilichoachia. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, nami naamini hapo ndipo mwanao atakapoelewa walichomaanisha.